Nilichokunywa na Nilichoulizwa

Usiku wa kwanza nilidhani nimepaliwa na mate. Nilikurupuka saa nane za usiku koo likiwaka, maji makali yamejaa nyuma ya ulimi na mengine yameshafika puani. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Mke wangu akawasha taa, akaniangalia nilivyoketi ukingoni mwa kitanda nimeshika kifua, akauliza nimeota nini. Sikuota kitu. Asidi ya tumbo ilikuwa imepanda mpaka kooni mwenyewe nikiwa usingizini.

Kiungulia cha kawaida nilikijua, nani asiyekijua. Kile cha kula ukavimbiwa, kikakuwakia kidogo chini ya kidari, ukanywa maji, kikapita. Hiki kilikuwa na tabia nyingine. Kilinijia mara tatu au nne kwa wiki, kilingoja nilale, na asubuhi kiliniachia sauti ya mtu aliyeshinda uwanjani akishangilia. Ikafika mahali nikawa naogopa kitanda.

Miaka miwili na nusu iliyofuata nitaisimulia kama ilivyokuwa, pamoja na ujinga wangu, maana sehemu kubwa ya yaliyonipata nilijitakia.

Nilianza na vidonge vya kutafuna, vile vyeupe vyenye ladha ya chokaa iliyotiwa mnanaa. Vinafanya kazi, sitavikana. Ndani ya dakika chache moto unapungua, kwa sababu vinakutana na asidi iliyopo na kuivunja nguvu. Ila havizuii inayofuata, na tumbo halichoki kutengeneza nyingine. Nikawa natafuna saa tatu, natafuna saa sita, natafuna alfajiri. Nilivyobadilisha aina ndipo nikajifunza kwa njia ya aibu kwamba vyenye magnesiamu hulegeza choo na vyenye aluminiamu hukifunga. Nilikuwa na mfuko wa koti uliojaa unga mweupe kama wa mwalimu wa zamani.

Baada ya miezi mitano hivi nikaenda kliniki. Daktari alikuwa na foleni inayotoka hadi nje ya mlango na mimi niliitazama saa ya ukutani kwa mazoea ya kazi: dakika sita. Akaniuliza inaanza lini, nikasema usiku. Akabonyeza tumbo, akaandika omeprazoli miligramu 20, moja kwa siku, wiki nne. Kwenye bahasha ya dawa kulikuwa na alama moja tu, 1 x 1. Haikuandikwa saa ngapi, wala kabla au baada ya kula.

Mimi nikafanya hesabu zangu. Ugonjwa unakuja usiku, basi dawa inywewe usiku. Nilikuwa nahariri maandiko ya watu mpaka saa nne na nusu, nakula saa tano, namalizia na kapsuli yangu na glasi ya maji, kisha najitupa kitandani. Naomba msomaji anayejua mambo haya asicheke kwanza.

Nafuu niliipata, lakini ya nusu. Usiku nne za moto zikawa mbili. Wiki nne zikaisha, nikanunua nyingine bila kurudi kwa daktari, zikaisha, nikanunua tena. Mwezi wa tatu nikaanza kusikia maneno: hizo dawa zinaharibu figo, zinalainisha mifupa, ukizizoea huzitoki. Hofu ikanishika nikaziacha siku moja, kavu, kama mtu anayefunga bomba. Siku tatu nilikuwa sawa. Siku ya nne nikawaka kuliko nilivyowahi kuwaka tangu mwanzo. Hata maji yaliniunguza. Nikasema, si unaona? Dawa yenyewe ndiyo ugonjwa.

Shangazi yangu alinikuta katika hali hiyo. Akaniambia, "Mwanangu, hizo dawa zinapepea moshi tu, moto haziugusi." Yeye maumivu yake ya magoti alikuwa anayapeleka kwa mtabibu mmoja wa homeopathia, aina ya tiba mbadala, mzee mtaratibu, na kwa maelezo yake yule mzee hatibu ugonjwa, anatibu mtu. Sentensi hiyo nimeshaisikia mara nyingi sana tangu siku ile na sasa inanichosha. Lakini siku ile ilinikamata, kwa sababu nilitoka mahali ambapo hata ugonjwa wenyewe ulipewa dakika sita.

Kwa yule mzee nilikaa saa moja na nusu. Nataka nieleze kikao kile vizuri, kwa kuwa nikiulizwa leo nini kilinisaidia, jibu lote limo humo.

Alikuwa na daftari kubwa lenye mistari na kalamu ya wino. Hakunigusa tumbo. Aliuliza. Moto unaanzia wapi, unaishia wapi, unapenda upande gani? Ukiinama kufunga viatu unatokea? Ukivaa mkanda unabana kiasi gani? Unakula haraka au polepole? Unakula na nani? Hapo nikasita, nikamwambia nakula peke yangu mbele ya kompyuta. Akaandika. Kitu cha mwisho kuingia mdomoni kabla ya kulala ni nini? Baada ya hapo unakaa muda gani kabla ya kujilaza? Nikamwambia labda dakika ishirini. Akainua macho, akarudia, "Dakika ishirini," akaandika hiyo nayo. Unalala upande gani? Kulia. Kahawa? Vikombe vinne, cha mwisho saa tatu usiku. Una hasira? Na nani? Umekuwa mkaidi tangu utotoni?

Akafunga daftari akasema mimi ni mtu wa Nux vomica, moja ya dawa zao.

Akanipa kichupa cha kioo kisichozidi kidole gumba, ndani yake punje nyeupe za duara, ndogo kama ushanga. Punje zisiguswe kwa mkono, nizimimine kwenye kifuniko na kutoka hapo nizitupe chini ya ulimi. Tano asubuhi, tano usiku saa mbili, mdomo ukiwa mtupu. Na masharti: nisinywe kahawa kabisa, kwa sababu inaua nguvu ya dawa. Nisiguse mnanaa wa aina yoyote, hata dawa ya meno yenye mnanaa, kwa sababu hiyohiyo. Chakula cha jioni kiishe kabla ya saa moja ili saa mbili ikikuta tumbo limetulia. Baada ya punje za usiku nisile tena kitu. Na nilale upande wa kushoto.

Nilifuata kila neno, kwa ibada. Nilinunua dawa ya meno ya watoto. Usiku wa tisa nililala mpaka asubuhi bila kuamka, na nilipofungua macho nikabaki nimelala nikisikiliza koo langu likiwa kimya.

Kuanzia hapo nikawa mhubiri. Nilimweleza kila aliyepiga mbweu mbele yangu. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, ni muuguzi, na ndiye pekee aliyeninyima pongezi. "Shemeji, unalala, nafurahi," aliniambia. "Lakini umeacha kahawa, umeacha kula usiku, umehama upande wa kulala, na vidonge uliviacha wiki ngapi zilizopita? Sasa umejuaje ni punje?" Nikamwona ana wivu wa kitaaluma. Nilimjibu kwamba sayansi haijui kila kitu. Hilo ni jibu la mtu asiyetaka kuulizwa swali la pili.

Miezi saba ikapita hivyo. Moto haukuisha kabisa lakini ulikuwa wa kuvumilika, mdogo, wa mara moja kwa wiki. Kisha likaja jambo jingine ambalo halikuwa moto. Chakula kikavu kilianza kusita njiani. Nilikuwa nameza, kinashuka, halafu katikati ya kifua kinasimama kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu. Nakunywa maji, kinapita. Nilimweleza mzee. Aliuliza maswali kwa uangalifu uleule, akasema dalili zimehama na dawa ihame, akanibadilishia punje. Mwezi mmoja baadaye akabadilisha tena. Sina kinyongo naye kwa sababu ya punje, ndivyo alivyofunzwa. Ninacho kwa sababu ya miezi ile mitatu. Mtu aliyeuliza kila kitu kuhusu maisha yangu hakusema sentensi moja niliyoihitaji: nenda ukaangaliwe kwa ndani. Na mimi mwenyewe nilikuwa na miguu, sikwenda.

Aliyenipeleka ni shemeji. Tulikuwa mezani, tonge likakwama, nikainuka nikielekea dirishani huku nimeshika koo, na niliporudi hakuniuliza kitu zaidi ya, "Tangu lini?" Nilipomtajia akaweka kijiko chini. Akaniambia kuna mambo ambayo mtu mwenye kiungulia hajadiliani nayo: chakula kukwama, kupungua uzito bila sababu, kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo cheusi kama lami, upungufu wa damu. Na maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda mkononi au kwenye taya pamoja na jasho, hayo hayasubiri hata asubuhi, kwa sababu moyo na umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni, ni majirani na wakilia sauti zao zinafanana.

Kipimo chenyewe nilikiogopa kuliko kilivyostahili. Walininyunyizia dawa ya ganzi kooni, chungu, ukahisi ulimi umekuwa wa mtu mwingine. Nikalazwa ubavu wa kushoto, kipande cha plastiki katikati ya meno, na mpira mwembamba wenye kamera ukaingia. Unataka kutapika na huwezi. Mate yanatiririka shavuni na muuguzi anayafuta bila kukuhukumu. Hazikufika dakika kumi.

Baadaye daktari akanionyesha picha kwenye kioo cha kompyuta. Umio wangu ulikuwa na rangi ya waridi kama ndani ya shavu, na karibu na tumbo, kwenye kuta, michirizi miwili myekundu, ming'avu, kama mtu alivyokwaruzwa na mwiba. Ule haukuwa wekundu wa kawaida, alisema, pale ngozi ya ndani imelika. Wanapima kwa herufi nne, A mpaka D. Langu lilikuwa B. Palikuwa pia na henia ndogo, yaani sehemu ya juu ya tumbo imepanda kupitia tundu la kiwambo kinachotenga tumbo na kifua. Walikata vipande vidogo vya nyama kuangalia kama chembe za umio zimeanza kujigeuza kufanana na za utumbo, hali inayoitwa kwa jina la Barrett, ambayo kwa wachache huwa njia ya kwenda kwenye saratani. Majibu yalichukua siku kumi na moja. Hazikuwa zimegeuka. Siku zile kumi na moja sitaki kuziandika.

Nikamwuliza daktari swali lililokuwa limenikaa: mbona maumivu yalipungua? Akasema kinachopungua kwanza ni kelele. Mtu anaweza kuwa na kidonda kikubwa na maumivu kidogo, mwingine akawaka vibaya na kamera isione kitu. Maumivu hayapimi kidonda. Ndiyo maana miezi saba ya kulala vizuri na michirizi miwili myekundu vilikaa pamoja ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Halafu akaniuliza nilivyokuwa nakunywa omeprazoli. Nilipomweleza alitabasamu kwa huzuni. Akachukua karatasi akachora tumbo kama kiriba.

Ndani ya ukuta wa tumbo, alisema, kuna chembe zenye pampu ndogo mno zinazosukuma asidi. Ukiwa hujala, pampu nyingi zimelala. Ukila zinaamka. Omeprazoli haifanyi kitu kwa pampu iliyolala. Inaikamata iliyo kazini na kuifunga moja kwa moja, mpaka mwili utengeneze nyingine. Na yenyewe haikai sana kwenye damu, saa moja au mbili tu imeshapungua. Kwa hiyo lazima ifike kwenye damu wakati pampu zinaamka: unakunywa nusu saa mpaka saa moja kabla ya kula, na bora kabla ya kifungua kinywa, baada ya usiku mzima wa kufunga. Mimi nilikuwa nainywa juu ya tumbo lililojaa na kwenda kulala. Ilifika kazini wakati wafanyakazi wameshaondoka. Pia haifungi pampu zote siku ya kwanza, inahitaji siku tatu au nne kujenga nguvu, na kidonda kama changu kinataka wiki nane mfululizo.

Hayo yote ni maelezo ya dakika nne. Nimeyahesabu. Daktari wa kwanza angeweza kuyaingiza kwenye zile sita.

Na ule moto wa siku ya nne nilipoziacha? Huo nao una maelezo yake. Tumbo likizibiwa asidi kwa wiki nyingi, mwili unazidisha kichocheo cha kuidai. Ukiondoa kizuizi ghafla, asidi inarudi na ya deni. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio la watu 120 ambao hawakuwa na kiungulia kabisa. Nusu walipewa dawa ya jamii hii kwa wiki nane kisha ikaondolewa kimyakimya, nusu walikuwa wanameza vidonge vitupu muda wote. Katika wiki za mwisho, asilimia 44 ya waliokuwa kwenye dawa walipata dalili za asidi, dhidi ya 15 ya wengine. Watu wazima wenye afya! Niliposoma nikajiona: nilikwenda kwa mzee wa punje katikati ya wimbi ambalo kwa kawaida hushuka lenyewe baada ya wiki chache. Usiku wa tisa ulikuwa unakuja hata kama ningelamba jiwe.

Wiki zile nane za dawa, safari hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya chai, nilizitumia kusoma. Kazi yangu ni kuhariri, nikiona dai nataka kujua limetoka wapi.

Homeopathia ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann. Mwaka 1790 alikula gome la mti unaotoa kwinini akiwa mzima, akahisi homa inayofanana na ya malaria, akahitimisha kwamba kinachomletea mzima dalili fulani kitamponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Kwa haki yake niseme, madaktari wa enzi ile walikuwa wanatoa watu damu kwa vikombe na kuwanywesha zebaki. Mgonjwa aliyepewa maji na kuambiwa apumzike alikuwa na bahati. Nux vomica inatokana na mbegu zenye estriknini, sumu kali, na kwa mantiki hiyo imekuwa dawa ya wanaokula vibaya na kukasirika haraka. Dawa nyingine aliyonipa mzee, Carbo vegetabilis, ni mkaa.

Usiogope sumu. Kichupa changu kiliandikwa 30C. Maana yake wanachukua sehemu moja ya dawa kwa sehemu 99 za kimiminika, wanatikisa kwa kugonga, wanachukua sehemu moja ya mchanganyiko huo kwa 99 nyingine, wanatikisa, na hivyo mara 30. Hesabu ni moja ikifuatiwa na sifuri 60. Ukifika kama mara ya 12 tayari ni bahati kupata hata molekuli moja ya kitu ulichoanza nacho. Baada ya hapo unazimua maji kwa maji. Nilikuwa nalamba sukari safi, na kwa miezi kadhaa nilikataa kuigusa kwa vidole nisije nikaiharibu. (Zipo za nambari ndogo sana, ambazo hazijazimuliwa hivyo, na hizo zinaweza kuwa na kitu ndani. Hizo ndizo za kuziogopa.) Australia, baraza lao la utafiti wa tiba lilipitia tafiti 176 na mwaka 2015 likasema halikuona ugonjwa hata mmoja ambao homeopathia ina ushahidi wa kutegemewa kwamba inautibu.

Lakini utafiti ulionisimamisha ni mwingine, mdogo, wa mwaka huohuo, na ulihusu kiungulia hasa. Watu 24 tu. Waligawanywa mara mbili: wengine walipewa dawa ya homeopathia ya kiungulia na wengine kidonge kitupu, na tena, wengine walionwa na mtoa huduma kwa kikao cha kawaida, kama dakika 18, na wengine kwa kikao kirefu cha dakika 42 chenye maswali ya mtindo wa homeopathia. Dawa na kidonge kitupu havikutofautiana. Vikao vilitofautiana. Waliosikilizwa kwa muda mrefu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema dalili zao zimepungua kwa nusu au zaidi.

Watu 24 si wengi, sitajenga nyumba juu yao. Ila nilipomaliza kuusoma nililikumbuka lile daftari kubwa na kalamu ya wino. Na nilikumbuka masharti. Kahawa kwa watu wengi huchochea kiungulia. Mnanaa unalegeza msuli unaofunga mlango kati ya umio na tumbo, na mimi nilikuwa naula kwenye vidonge vya kutafuna kila saa tatu! Kula mapema kunampa mtu tumbo tupu wakati wa kujilaza. Ubavu wa kushoto unaliweka tumbo chini na mlango wake juu ya dimbwi la asidi, ambapo wa kulia unaugeuza mlango kuwa bomba. Yule mzee alinipa matibabu halisi ya kiungulia, mengi na sahihi, akidhani anailinda sukari.

Bado sikuridhika, nikataka kuona kwa macho yangu. Kidonda kiliposhapona na dawa nimeshaipunguza, shemeji aliniandalia vichupa viwili vya punje zinazofanana, kimoja cha Nux vomica, kimoja cha punje tupu zisizotiwa kitu. Kila Jumapili alirusha sarafu akanipa kimoja bila kusema. Wiki nane. Kila asubuhi niliandika kama usiku ulikuwa na moto, na kila Jumamosi nilikisia nimekuwa nikilamba kipi. Wiki ambazo sarafu iliamua dawa nilipata usiku saba wa moto kwa jumla, za punje tupu sita. Makisio yangu yalikuwa sahihi mara nne kati ya nane. Mtu mmoja si utafiti, najua. Lakini wiki ya tatu niliapa kwamba hii ndiyo yenyewe, nasikia kabisa tumbo linavyotulia, na ilikuwa tupu.

Kupunguza omeprazoli kulinichukua wiki sita. Siku moja ndiyo siku moja hapana, kisha kila siku ya tatu, na usiku mbaya nikaziba na famotidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, au na ile ya maji inayoelea juu ya chakula kama mfuniko. Famotidini ni ndugu wa simetidini, iliyoingia Uingereza mwaka 1976 kutokana na kazi ya James Black na wenzake. Black alipata Nobeli mwaka 1988, na mwaka huohuo omeprazoli ikaingia sokoni na kuzipita zote. Wimbi la kurudi lilikuja siku ya tano kama nilivyoambiwa, lakini safari hii nilikuwa nimeshaliandika kwenye kalenda, na kitu ulichokitarajia hakikutishi vilevile. Hofu zangu za figo na mifupa nilimpelekea daktari. Hakuzicheka. Akasema tafiti nyingi zinazotisha zinaangalia watumiaji ambao tayari ni wagonjwa zaidi ya wengine. Jaribio kubwa lililochapishwa 2019, la watu zaidi ya 17,000 kwa takriban miaka mitatu, lilikuta kilichoongezeka kwa uhakika ni maambukizi ya utumbo, tena kidogo. Akaongeza kuwa hiyo si ruhusa ya kuzila kama karanga. Mwenye sababu ya kuzinywa azinywe, asiye na sababu aache kwa utaratibu.

Kilichobaki ni useremala. Mito mitatu chini ya kichwa nilishaijaribu, inakukunja tumbo na kukuvunja shingo. Kinachotakiwa ni kitanda chenyewe kiinuke upande wa kichwa, sentimita 15 hadi 20. Nilikata vipande viwili vya mbao nene, nikavichonga shimo la kuingia miguu ya kitanda kisiteleze. Usiku wa kwanza mke wangu alisema tumelala kwenye meli inayozama. Kwa wiki nzima tuliamka tumejikusanya upande wa miguu. Kisha tukazoea, na sasa nikilala kwenye kitanda cha tambarare mahali pengine najihisi nimebinuliwa.

Nilirudi kwa mzee. Nilidhani nakwenda kugombana. Nilikuwa nimepanga sentensi zangu njia nzima. Nikamweleza picha ya kamera, nikamweleza sarafu na vichupa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama kawaida yake. Akasema mtu mmoja na sarafu havitoshi kumpinga Hahnemann. Nikasema miezi mitatu ingetosha kuniua kama ingekuwa saratani. Hapo akanyamaza. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akafungua lile daftari kubwa, akatafuta ukurasa wangu, na pembeni, chini ya zile punje tatu alizonibadilishia, akaandika kitu kwa wino ambacho sikukisoma.

Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Bado unalala kushoto?"

Nikamwambia bado.